Bustani Moja, Mwaka Mzima: Mwongozo Kamili wa Kutazama Ndege Mjini kwa Anayekwama Mwezi wa Tatu

Malalamiko ninayoyapokea yanafanana mno. Mtu ameanza kutazama ndege kwenye bustani ya mjini, wiki za mwanzo kila siku kuna jipya, kisha ifikapo mwezi wa pili au wa tatu anasema: "Naona wale wale tu." Wengi huishia hapo. Wengine huhamia bustani nyingine, na baada ya miezi miwili wanakwama tena.

Bustani haina kosa. Shida ni kwamba leo wamepita upande wa bwawa, kesho upande wa miti. Jumamosi wamekaa saa tatu, Jumatano dakika kumi na tano. Na daftarini wameandika wageni tu, wenyeji wameachwa. Kwa mtindo huo msimu unaweza kuingia na kutoka mbele ya macho yako usiache alama yoyote. Wale "wale wale" ndio kipimo chako. Hao ndio watakaokuonyesha mwaka unavyogeuka, mradi uwatazame kwa namna ile ile kila wiki.

## Vitu vya kuwa navyo

Darubini ya 8x42 au 8x32. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni: 42 kwa 8 ni zaidi kidogo ya milimita 5, na hiyo inatosha alfajiri. Usivutwe na darubini ya kukuza mara 12 au 16. Inakuza na mtetemo wa mikono yako, na eneo unaloliona linakuwa dogo hata ndege aliye kichakani anakupotea kabla hujampata.

Daftari la mfukoni na penseli. Penseli, kwa sababu wino huchuruzika kwenye umande na mvua.

Kitabu cha kutambulisha ndege wa eneo lako. Kiwe cha nchi au kanda yako. Kitabu cha bara zima kitakupa ndege arobaini wanaofanana, na thelathini kati yao hawajawahi kufika karibu na wewe.

Simu yenye programu za eBird na Merlin. Zote mbili ni za bure na zinatoka Cornell Lab of Ornithology, taasisi ya utafiti wa ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Ya kwanza ni ya kutunza kumbukumbu, ya pili ya kusaidia kutambua.

Kofia, maji ya kunywa na viatu vinavyostahimili umande.

Kamera sikuiweka, na nimefanya hivyo makusudi. Katika miezi sita ya kwanza kamera huiba macho: unashughulika na picha, ndege anaondoka hujaona hata anavyotembea.

## Hatua ya 1: Ilinganishe darubini na macho yako

Watu wengi hutumia darubini mwaka mzima bila kufanya jambo hili, kisha wanalalamika kichwa kuuma.

Kwanza kunja au kunjua mihimili miwili mpaka uone duara moja badala ya mawili. Kisha chagua kitu kilichotulia chenye maandishi au mistari, kama kibao kilicho mita ishirini mbele yako. Ziba lenzi ya kulia kwa kiganja, tazama kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi maandishi yawe makali. Sasa ziba ya kushoto, tazama kwa la kulia, na zungusha ile pete ndogo, ambayo kwa kawaida huwa karibu na kioo cha jicho la kulia. Kumbuka namba au alama ilipokaa. Kuanzia hapo gurudumu la katikati pekee ndilo utakalohitaji. Ukivaa miwani, teremsha vikombe vya macho, usipovaa, vipandishe.

Halafu fanya zoezi la kumpata ndege. Mtazame kwa macho matupu, usiondoe macho kwake, kisha leta darubini kwenye macho. Anayeinamia darubini halafu akaanza kutafuta tawi, atatafuta mpaka ndege aende zake.

Onyo: usielekeze darubini kwenye jua hata kwa nukta moja, inaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Mjini kuna na jingine: usiielekeze kwenye madirisha ya watu wala kwa watoto wanaocheza. Ukiulizwa, eleza kwa utulivu unachofanya na uonyeshe daftari.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwona njiwa aliyetua mita thelathini ndani ya sekunde mbili, mara tisa kati ya kumi.

## Hatua ya 2: Chora njia moja, na usiibadilishe

Zunguka bustani yote mara mbili bila kuhesabu chochote. Tafuta sehemu hizi: maji (hata kama ni mfereji), ukingo ambapo miti inakutana na uwazi, vichaka vizito, nyasi fupi, na mahali pa kuona anga pana. Ziunganishe kwa njia ya kilomita moja na nusu hadi mbili, uweze kuimaliza kwa saa moja kwa mwendo wa polepole. Weka vituo vitano au sita, kila kimoja cha dakika tano za kusimama bila kusogea.

Ukingo wa miti upe kipaumbele. Hapo wanakutana ndege wa msituni na wa uwandani, na jua la asubuhi linapoupiga wadudu huamka mapema.

Elekeo la njia nalo lina maana. Panga ili jua la asubuhi liwe mgongoni mwako unapofika kwenye maji na kwenye ukingo. Ukitazama kinyume na jua, kila ndege ni kivuli cheusi, na hapo ndipo yanapozaliwa makosa mengi ya utambuzi.

Kwa nini njia moja? Kwa sababu wiki ya kumi ukihesabu mbayuwayu sita mahali ambapo wiki ya tisa walikuwa arobaini, unahitaji kujua kwamba waliobadilika ni mbayuwayu. Njia ikibadilika pia, hujui lolote.

## Hatua ya 3: Fuata jua, usifuate saa ya mkononi

Anza nusu saa baada ya jua kuchomoza. Ndege wadogo wamelala njaa usiku kucha, kwa hiyo saa mbili za kwanza ndizo za kula na kuimba. Hewa bado imetulia, sauti zinafika mbali, na wakimbiaji na mbwa hawajaijaza bustani.

Karibu na ikweta jua halichezi sana, hivyo saa ile ile itakufaa mwaka mzima. Ukiwa mbali na ikweta, tofauti ya kuchomoza kwa jua kati ya kiangazi na baridi hufika saa kadhaa. Anayekwenda saa moja asubuhi mwaka mzima huko kaskazini, mwezi wa sita anachelewa na mwezi wa kumi na mbili anasimama gizani.

Mara moja kwa wiki inatosha. Afadhali mara moja kwa wiki kwa wiki hamsini kuliko kila siku kwa wiki tatu. Kama bustani ina giza au sehemu zisizo salama, nenda na mwenzako, na mwambie mtu wa nyumbani umekwenda wapi.

## Hatua ya 4: Wajue kumi wa kudumu kabla ya mwingine yeyote

Hapa ndipo watu wanaporuka, na ndipo wanapoangukia. Chagua ndege kumi wanaoonekana karibu kila wiki: njiwa, kunguru, shorewanda, kwenzi, yeyote aliyeko kwako. Kwa wiki nne fanya kazi yako iwe kuwajua hao. Dume na jike. Mkubwa na kinda. Anavyotua, anavyotembea, kama anaruka kwa miguu miwili au anapiga hatua. Sauti ya kuitana, sauti ya hofu, wimbo.

Kuna sababu tatu. Ya kwanza, ndege hawa ni rula: "mkubwa kuliko shorewanda, mdogo kuliko njiwa" ni maelezo yenye maana kuliko "wa wastani". Ya pili, wengi wa wale unaodhani ni adimu ni hawa hawa katika hali usiyoizoea: kinda, dume aliyebadili manyoya, au kunguru mwenye mabaka meupe kwa sababu manyoya yake yamekosa rangi. Ya tatu, ukizijua sauti zao, sauti ngeni itakushtua bila kuitafuta.

Programu ya Merlin inaweza kusikiliza kupitia simu na kupendekeza jina. Ichukue kama rafiki anayekuambia "tazama pale". Usiandike ndege daftarini kwa sababu simu imesema. Kuna ndege wanaoiga sauti za wenzao, na kelele za mjini huichanganya.

Hatua hii imekamilika siku utakapofumba macho dakika tano kwenye kituo na kutaja kwa sauti angalau sita kati ya kumi.

## Hatua ya 5: Ukikutana na usiyemjua, andika kwanza

Usifungue kitabu. Ukishaona picha, kumbukumbu yako inaanza kujipinda ilingane nayo, na baada ya dakika mbili utaapa uliona mstari mweupe ambao haukuwepo.

Andika kwa mpangilio huu:

1. Ukubwa na umbo, ukilinganisha na mmoja wa wale kumi.
2. Mdomo: mnene wa kupasua mbegu, mwembamba wa kuchomoa wadudu, uliopinda kama wa chozi, au wa ndoana kama wa mwewe.
3. Alikuwa anafanya nini, na wapi: chini, kwenye shina, ncha ya tawi, juu ya maji.
4. Alama za usoni, mabawani na mkiani.
5. Rangi, mwisho kabisa.

Rangi naiweka mwisho kwa sababu mwanga hudanganya. Manyoya ya kumetameta ya chozi huonekana meusi jua likiwa upande wa pili, na ndege wa kijivu hugeuka wa dhahabu alfajiri.

Chora hata kama mkono wako ni mzito. Duara mbili, mdomo, mkia, na mshale unaosema "nyeupe hapa" zinatosha. Kisha fungua kitabu. Ikiwa hakuna anayelingana, andika "hakutambulika" pamoja na maelezo yake na uendelee. Ukurasa wenye "hakutambulika" watatu ni wa kuaminika kuliko ule ambao kila kitu kimepata jina.

Kumbuka pia kwamba mijini kuna ndege waliotoroka vizimba. Kasuku wa kijani wenye pete shingoni, ambao asili yao ni Afrika na Asia, leo wanazaliana kwenye bustani za London. Ndege ambaye kitabu hakimtaji si lazima awe umemkosea.

## Hatua ya 6: Hesabu, na uheshimu sifuri

Kila safari iandike: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa na upepo, kisha kila ndege uliyemtambua na idadi yake. "Njiwa wengi" haisaidii. "Njiwa 34" inasaidia, hata kama ukweli ni 37.

Kundi kubwa lihesabu hivi: hesabu kumi wa mwanzo kwa makini, tazama wanachukua nafasi kiasi gani, kisha pima kundi zima lina nafasi ngapi kama hiyo. Kwa ndege wanaozunguka zunguka bwawa lile lile, andika idadi kubwa uliyoiona kwa wakati mmoja, usijumlishe kila unapowaona.

eBird itakuuliza kama orodha yako ina ndege wote ulioweza kuwatambua. Jitahidi jibu liwe ndiyo kila mara. Orodha kamili ndiyo inayoipa maana nafasi tupu: kama umeandika kila ulichokitambua na mbayuwayu hayumo, basi hukumwona mbayuwayu. Kama umeandika waliokuvutia tu, nafasi hiyo haisemi kitu.

Mwaka wangu wa kwanza niliandika wapya tu. Nina tarehe niliyomwona mbayuwayu wa kwanza, kwa wino mzuri, na chini yake mstari. Walipoondoka sijui. Niliwaona kila asubuhi na sikuwaandika kwa sababu nilikuwa nimeshawaandika. Hadi leo pengo lile linaniuma.

Usiijaze wiki uliyoikosa kwa kukisia. Weka kistari. Sifuri maana yake nilikwenda sikumwona. Kistari maana yake sikwenda. Ukichanganya hivyo viwili, mwaka wako wote umeharibika.

## Hatua ya 7: Soma msimu unaopita mbele yako

### Wakati wa kuhama

Ndege wengi wanaohama huongozwa na urefu wa mchana, ndiyo maana tarehe zao hazitofautiani sana mwaka hadi mwaka. Kaskazini mwa dunia kilele cha kupita ni Aprili na Mei, kisha marudio kuanzia Agosti hadi Oktoba. Katika Afrika ya kitropiki wageni kutoka Ulaya na Asia huanza kuonekana kwa wingi Septemba na Oktoba, na kuondoka Machi na Aprili.

Ndege wadogo wengi husafiri usiku na kutua alfajiri kula. Kutoka juu, jiji ni zege, na bustani ni doa la kijani katikati yake. Ndiyo sababu Central Park ya New York, yenye hekta 341 tu na magorofa pande zote, imerekodiwa zaidi ya aina 200 za ndege. Wapo wanaoweza kuvuka bila kupumzika: mwaka 2022 ndege mchanga wa aina ya Limosa lapponica, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, aliyevalishwa kifaa cha kumfuatilia aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, bila kutua. Ndege wa gramu kumi hana akiba hiyo. Anahitaji kichaka, na kichaka chenu kinaweza kuwa ndicho.

Katika majira haya ongeza safari ziwe mbili au tatu kwa wiki. Asubuhi bora ni ile inayofuata usiku wa mvua au upepo wa mbele, kwa sababu wasafiri hulazimika kushuka. Kaa zaidi kwenye vichaka karibu na maji. Pita pia chini ya majengo ya vioo yanayopakana na bustani: ndege hujigonga humo alfajiri. Ukimkuta amepigwa na butwaa, mweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, mahali pa giza na kimya, bila maji wala chakula, mpaka apate nguvu ya kuruka. Asipopata, mpigie daktari wa wanyama au kituo cha uokoaji.

### Wakati wa kuzaliana

Kwenye nchi za baridi huu ni wakati wa joto kuongezeka. Kwenye nchi za mvua, mara nyingi hufuata mvua, kwa sababu wadudu na mbegu za majani zipo. Andika unachokiona: anaimba mahali pamoja, amebeba nyasi, amebeba chakula, anatoa kifuko cheupe cha kinyesi cha makinda kutoka kwenye kiota.

Ndege aliyebeba chakula mdomoni lakini haendi kiotani, anaruka tawi hadi tawi akilia, anakuambia uko karibu mno. Ondoka mara moja. Kila dakika unayosimama, makinda hawali, na kunguru anakutazama wewe ili ajue kiota kilipo. Usicheze wimbo uliorekodiwa ili kumvuta dume. Anaacha kulisha aje kupigana na adui asiyekuwepo.

Kinda mwenye manyoya aliyekaa chini kwa kawaida si yatima. Wazazi wake wako karibu na wanamlisha. Ikiwa yuko njiani pa mbwa au baiskeli, msogeze hadi kichaka cha karibu, basi.

### Wakati wa kimya

Baada ya kuzaliana bustani hunyamaza, na hapa ndipo daftari la anayeanza huandika "wameondoka". Mara nyingi hawajaondoka. Pengine ni wengi kuliko wakati wowote, kwa sababu makinda yametoka. Ila hawaimbi tena, na wanabadili manyoya, hivyo wanajificha.

Bata dume wa aina nyingi hupoteza manyoya yote ya kurukia kwa mara moja, hukaa wiki kadhaa bila kuruka, na katika muda huo hufanana na jike. Ukihesabu "bata jike ishirini, dume hakuna", tazama upya rangi ya mdomo. Huku kwenye nyasi za tropiki, dume wa kweche mwenye wekundu wa moto na fumbwe mwenye mkia mrefu hurudi kuwa wa kahawia wenye michirizi kama majike yao. Kundi la ndege wadogo wa kahawia usilipite haraka.

Punguza mwendo, ongeza dakika tatu kwenye kila kituo, na uandike sauti za kuitana pamoja na za wimbo.

### Wakati wa njaa

Baridi kali au kiangazi kikavu, kanuni ni moja: maji na chakula vikipungua, ndege hukusanyika. Bwawa ambalo halijaganda, au dimbwi la mwisho lililobaki, litakupa kwa nusu saa kile ambacho miezi mingine kinakuchukua asubuhi nzima. Miti ikipukutisha majani, viota vya zamani vinaonekana. Vitie kwenye ramani yako. Usiwatupie bata mkate: unawashibisha bila kuwalisha, na unaobaki huoza majini.

## Hatua ya 8: Tengeneza jedwali la mwaka

Siku ile ile ya safari, kabla hujalala, hamisha namba kwenye jedwali moja: majina ya ndege upande wa kushoto, wiki 52 juu. Karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani inafaa kuliko faili la kompyuta, kwa sababu utaitazama bila kukusudia.

Ifikapo wiki ya ishirini utaona safu zinazoanza na kukatika. Mmoja anaingia wiki ya 12. Mwingine anapanda taratibu, anashuka ghafla. Kunguru wako hawabadiliki, ila wiki moja wanakuwa mara tatu: hao ni makinda yao.

Mwaka wa pili, kabla ya kila safari, nakili safu ya wiki hiyo hiyo ya mwaka uliopita kwenye kipande cha karatasi uende nacho. Mahali ambapo mwaka jana palikuwa na ndege na leo hujamwona, simama dakika mbili zaidi kabla ya kuandika sifuri.